Walisema Mwezi Umepotea Njia

Tangu nirudi hapa Kambarage, kila anayepita dukani kwangu ananiuliza, "Pole Mama Limi, kwani ilikuwaje?" Halafu kabla sijafungua mdomo, anaanza yeye kunieleza ilivyokuwa. Nimechoka. Wengine mmeambiwa na watu wa Chato, wengine mmeambiwa na watu walioambiwa na watu wa Chato. Basi naandika mara moja, mkae msome, mkimaliza msiniulize tena. Mambo ya tiketi na kubishana na mawakala stendi nayaruka, hayana faida kwa mtu.

Ile sauti mnaijua, nyote iliwafikia kwenye simu. Mwanamume mwenye sauti nzito, hataji jina wala anakotoka, anasema mwezi umeacha njia yake na unazidi kuikaribia dunia. Siku utakapokuwa mpevu, maji yote yatauinukia: ziwa, visima, hata maji yaliyo chini ya ardhi. Mimi niliisikiliza nikiwa nakata kitambaa, nikaifuta. Binti yangu Limi yuko kidato cha tatu, alinichorea kwenye karatasi ya kufungia vitenge. Njia ya mwezi si ya mviringo kamili, akasema, kwa hiyo kuna nyakati unakuwa karibu kidogo na nyakati unakuwa mbali kidogo, na umekuwa hivyo tangu kabla ya babu zetu. Nikasema haya, nimeelewa, niletee mkasi.

Siku mbili baadaye kaka yangu Maduhu akanipigia kutoka Chato. Maduhu ni mkubwa wangu, mvuvi wa dagaa, anaishi nyumba ya pili kutoka kwa mama. Akaniambia, "Kabula, nimempandisha mama mlimani. Na wewe tafuta mlima." Nilidhani ananitania. Nikamuuliza mama analala wapi huko. Akasema wanalala wote, watu wengi, chini ya maturubai. Na mvua je? Akasema mvua ni jambo dogo. Nikamwambia anipe mama niongee naye, simu ikakatika, na kila nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Mama yangu kifua chake ni kibovu tangu zamani. Yule ni mtu wa kukaa jikoni, moto ukizimika anaamka kuuchochea. Mtu kama huyo unampandisha kilimani msimu wa mvua, chini ya turubai. Sikuogopa mwezi hata kidogo. Niliogopa baridi. Jumanne nikafunga duka, nikamwachia Limi ufunguo, nikaondoka kumfuata mama.

Shinyanga hadi Kahama

Kwenye basi nilikaa na mzee mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Tanga aliyehamia Kahama miaka mingi, muuza mashuka na vyandarua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanimegea chapati yake. Mtu mstaarabu sana. Nyuma yetu watu walikuwa wanaijadili ile sauti kwa bidii, wakiuliza kama kweli mwezi unaweza kuvuta maji, na mzee akaona awasaidie.

Akageuka kwenye kiti, akawaambia kwa utulivu, "Jamani, msihangaike. Kwetu pwani mwezi unavuta maji kila siku. Yanajaa, yanakupwa. Mwezi ukiwa mpevu yanajaa zaidi, tunaita bamvua. Mtu anasogeza chombo chake, anasubiri, maji yanarudi."

Jamaa mmoja aliyevaa kofia ya sufu akasimama. "Kwa hiyo unakubali kwamba unavuta."

"Unavuta, ndiyo, lakini..."

"Mmesikia wenyewe. Mzee wa pwani kabisa, ameyaona."

Basi hapo lakini ya mzee ilikufa. Habari ikatembea kutoka kiti hadi kiti mpaka kwa dereva. Tulipofika Tinde ilikuwa mzee ameona bahari ikimeza mji. Tulipofika Isaka ilikuwa amekimbia Tanga kwa sababu hiyo hiyo, na mama mmoja akaja kumpa pole ya watu wake waliozama. Mzee alijaribu kueleza kwamba ziwa letu ni dogo mbele ya bahari, kwamba maji yake yanainuka kiasi ambacho hata ukisimama ufukweni kutwa huoni kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Walishapata walichokitaka.

Akaegemea dirisha. "Ningejua," akaniambia, "ningejifanya nimelala." Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Nilikuwa naanza kuona kwamba naenda kubishana na watu wanaookota ushahidi hata mdomoni mwa anayewapinga.

Nyahanga, kwa wifi

Kahama nilifika jua likielekea kuzama, basi la Geita limeshaondoka. Nikaenda Nyahanga kulala kwa Nyanzobe, dada wa marehemu mume wangu. Wifi alinipokea kwa kilio, akaniangukia shingoni, nami nikashangaa maana hatujawahi kupendana kiasi hicho.

"Umefanya vizuri kuja tufe pamoja," akasema.

Nikamwambia sijaja kufa, napita tu, kesho alfajiri naondoka kumfuata mama Chato. Hakusikia. Kila chombo ndani kilikuwa kimejazwa maji, sufuria, ndoo, hata beseni la kuogeshea wajukuu, kwa sababu alisikia visima vitageuka tope. Kulikuwa hakuna pa kukanyaga. Jioni nikala michembe na karanga, viazi vitamu vilivyokaushwa kama anavyovipika yeye, vitamu kweli, sitamnyima haki yake. Nikalala nimeweka simu iniamshe.

Asubuhi naamka, mlango umefungwa kwa kufuli na wifi hayupo. Nikagonga, nikaita, nikapiga ukuta. Jirani akanijibu kupitia dirishani kwamba mama mwenye nyumba amekwenda kutafuta jogoo, amesema mgeni asiondoke bila kuchinjiwa, kwa kuwa hatutaonana tena. Mnaona mambo hayo? Upendo umenifungia ndani kama mbuzi. Nilisikia basi la kwanza likipiga honi barabarani, likaenda zake, mimi niko katikati ya ndoo.

Aliporudi na jogoo wake alikuwa na furaha. Nilimtukana. Nasema wazi, nilimtukana wifi yangu, na yeye akanijibu kwa upole, "Hasira zako nazisamehe, Mama Limi, siku zenyewe zimeisha." Unamfanya nini mtu kama huyo? Nilikula paja moja nimesimama, nikapata usafiri mchana.

Machimboni

Katikati ya Kahama na Geita gari likaharibika. Dereva alifunua boneti, akachungulia, akasema ni jambo la nusu saa, na kwa namna alivyosema nikajua ni jambo la jioni. Tulikuwa karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo. Nikaenda kwenye kibanda cha mama lishe kutafuta chai.

Hapo niliona kitu ambacho sitakisahau. Pale panatakiwa kuwa na kelele, mashine zinasaga mawe, pampu zinanguruma. Palikuwa kimya. Wachimbaji wamekaa juu ya vifusi vya mawe, wengine wanacheza karata. Mama lishe alikuwa amekunja uso maana chakula kimepikwa na hakuna anayenunua.

Mbele yetu kulikuwa na duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, lenye kuta za matimba, magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Msimamizi wake, mwanamume wa makamo aliyeitwa Masanja, alikuwa amesimama ukingoni akitazama ndani kama mtu anayetazama kaburi. Nikasogea. Maji yalikuwa yamepanda mpaka karibu na mdomo, meusi, juu yake vinaelea vipande vya mbao.

"Unaona, mama," akaniambia. "Mwezi haujawa mpevu, na tayari yamepanda."

Nikamuuliza, "Kwani shimo hili siku zote halina maji?"

"Lina maji. Mashimo yote hapa yana maji. Tunavuta kwa pampu usiku na mchana."

"Na pampu iko wapi?"

"Tumeitoa."

"Mmeitoa kwa nini?"

"Si kwa sababu maji yatapanda? Tungeiacha izame?"

Nilimwangalia usoni nione kama ananichezea. Hakuwa anacheza. Nikamwambia polepole, kama ninavyomwambia mteja anayetaka kitenge kimoja kimtoshee yeye na dada zake watatu, "Baba, mmetoa pampu, maji yakapanda. Rudisheni pampu, yatashuka."

Wenzake wakasogea. Mmoja akasema hayo ni maneno ya watu wa mjini. Mwingine akasema mashimo yote ya hapa yamejaa kwa siku ile ile moja, sasa hiyo si ajabu? Nikasema si ajabu, mmetoa pampu siku ile ile moja. Wakatazamana, na nikaona kabisa kwamba maneno yangu yamepita juu ya vichwa vyao kama ndege. Masanja akaniambia kwa heshima zote, "Mama, mimi nimeona kwa macho yangu. Wewe unabisha na macho?"

Matimba yakishalowa yanaoza. Shimo lile lilikuwa la miaka, na sasa kuta zake zilikuwa zinaporomoka vipande vipande tukitazama, chubwi, chubwi. Mama lishe akanimiminia chai, hakutaka kuchangia. Akasema tu kwamba mume wake yumo kwenye kundi lile na kwamba yeye amechoka kupiga kelele.

Gari lilipona jioni. Nililala Katoro kwenye nyumba ya wageni, na chumba cha pili walikuwa wanasali kwa sauti kubwa wakiomba mwezi urudi kwenye njia yake. Mimi nilimwomba Mungu mama asiwe na kikohozi.

Chato

Alhamisi, siku yenyewe ya mwezi mpevu, nilifika Chato mchana. Nyumba ya mama imefungwa. Nyumba ya Maduhu imefungwa. Jikoni kwa mama majivu yalikuwa baridi, yameota ukungu wa unyevu. Nilisimama pale nikayagusa kwa mkono na nikahisi vibaya sana.

Nikashuka ufukweni kuuliza. Mitumbwi yote ilikuwa imepandishwa mchangani, na chini ya mmoja kulikuwa na mvuvi amelala, jina lake Ngassa, aliyekuwa akivua na kaka yangu. Yeye hakupanda kilimani, kwa sababu, alisema, mke wake amekataa kuacha nguruwe.

Ngassa ndiye aliyenieleza vizuri mafundisho ya kaka yangu, na inabidi niwaeleze nanyi, maana bila hayo hamtaelewa. Kazi ya dagaa ni ya giza. Unaingia ziwani wakati mwezi haupo, unawasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na dagaa wanaifuata taa mpaka unawakusanya kwa wavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa inashindwa nguvu, dagaa wanatawanyika, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika. Ndiyo maana ile sauti ilipofika iliwakuta wote wako nchi kavu, hawana kazi, wanasikiliza simu.

"Sasa Maduhu akakaa akawaza," Ngassa akasema. "Akasema taa inavuta dagaa, kila mtu anajua. Basi kama mwezi umepotea njia na unatafuta pa kwenda, utaifuata taa. Kule juu amekataza mwanga wowote. Simu zimezimwa. Hakuna kuwasha moto."

"Hakuna moto kabisa?"

"Hata kiberiti."

"Tangu lini?"

"Tangu wapande. Wanakula viporo na mihogo mibichi."

Nikamuuliza kama na yeye anaamini hayo. Ngassa akakuna kidevu. "Mimi sijui, Mama Limi. Lakini taa inavuta dagaa kweli."

Mlimani

Bodaboda ilinifikisha mpaka njia ilipokwisha, nikapanda kwa miguu. Nyasi zililowa, mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Nilikuta watu wengi kuliko nilivyofikiri, familia kwa familia, watoto wanalia njaa, wanawake wamekaa kimya. Niliyemjua alinikwepa macho.

Maduhu alinijia. Alikuwa amekonda, macho mekundu, amevaa shati jembamba tu. Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa wangu na nimelelewa.

"Marahaba. Umekuja kupanda?"

"Nimekuja kumchukua mama."

"Leo? Leo ndiyo siku yenyewe, Kabula. Ngoja mwezi upite."

"Mama yuko wapi?"

Akatangulia. Mama alikuwa mwisho wa turubai, ameegemea jiwe, amefunikwa khanga mbili zilizolowa na juu yake jaketi la Maduhu, lile analovaa ziwani. Alikuwa anatetemeka. Si kutetemeka kwa mtu aliyesikia baridi sasa hivi, ni kule kwa mtu aliyezoea, mwili unatetemeka wenyewe. Kila akivuta pumzi kifua kilikuwa kinakoroma.

"Mayu," nikamwita.

Akafungua macho. "Kabula. Umekula?"

Nikamshika mikono, ilikuwa ya baridi kama samaki. Akaniambia, "Mwanangu, nataka uji wa moto. Kaka yako usimgombeze. Alinililia mlangoni, mwanamume mzima na ndevu zake. Ningemwacha apande peke yake?"

Basi nilimgombeza. Nilimgombeza mbele ya watu wote. Nilimwambia mama yuko hivi kwa sababu yake, kwamba mwezi hauna macho ya kuona taa, kwamba dagaa ni dagaa na mwezi ni jiwe lililo mbali mno. Watoto wakaacha kulia, wakanisikiliza. Maduhu hakupandisha sauti.

"Mimi nimeishi kwa taa tangu sijaoa," akasema. "Dagaa naye hajui kwamba anavutwa. Anadhani anakwenda mwenyewe."

"Mama anakufa kwa baridi, Maduhu."

"Nimempa jaketi langu. Nimelala na shati. Unadhani simpendi?"

Na ubaya ni kwamba alikuwa anampenda. Angekuwa mlevi au mwizi ningejua pa kumshika. Alikuwa mwana mwema aliyekuwa anamuua mama yake kwa kumlinda, na hakuna neno nililokuwa nalo la kumfikia. Nikainama nikamnyanyua mama. Maduhu akanishika mkono, akauachia, akageuka upande mwingine.

Nilimbeba mgongoni, khanga ikimfunga kama mtoto. Nilisikia mwanamke mmoja akisema nyuma yangu, "Huyo anampeleka mama yake kwenye maji." Hakuna aliyenisaidia. Bodaboda alikuwa bado ananingoja chini, tukamweka mama katikati, nikamshikilia kwa nyuma mpaka nyumbani.

Nyumbani kwa mama

Nilitaka kwenda hospitali moja kwa moja. Kijana wa bodaboda akaangalia jua, akaangalia ziwani, akasema hapana mama, mimi nikishawafikisha hapa naingiza pikipiki ndani. Nikamsihi. Nikamwamkia kwa heshima zote kama mkwe wangu. Akaondoka. Nikatoka barabarani, nikasimamisha kila aliyepita, na wote walikuwa na haraka ya kuingia majumbani mwao. Mwezi ulikuwa unakaribia kuchomoza na hakuna aliyetaka kukutwa nje.

Nikarudi nikawasha moto. Kuni zililowa, zikatoa moshi mpaka machozi yakanitoka, kisha zikashika. Nikamvua mama nguo zile, nikamvisha zangu, nikamsogeza karibu. Nikakoroga uji wa mtama, nikautia sukari nyingi kama apendavyo.

Mwezi ukachomoza juu ya ziwa, mkubwa, wa rangi ya chungwa, kama unavyochomoza kila ukiwa mpevu. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akautazama.

"Ndio huu wenyewe?"

"Ndio huu, mayu."

"Mbona ni ule ule."

Akanywa nusu ya uji, akasema wabeja, asante mwanangu, akalala. Maji ya ziwa hayakusogea hata hatua moja. Nilikaa naye nikisikiliza kile kifua.

Asubuhi gari lilipatikana kwa urahisi, watu wametoka nje wanacheka, wanapeana mikono. Hospitalini walimwekea hewa na sindano. Daktari, dada mdogo tu, alinitoa pembeni akaniuliza mama alikuwa analala wapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Hiki kichomi si cha jana," akasema. "Kimemkaa kwa siku kadhaa." Mama alifariki Jumamosi asubuhi, nimemshika mguu, kwa kuwa mikono yote ilikuwa na mipira.

Matanga

Waliteremka wote Ijumaa, wakiimba. Kwa nini mwezi haukuja? Walinieleza wenyewe, bila kuona haya. Haukuja kwa sababu walizima taa. Walikesha gizani, ukawatafuta, ukawakosa, ukarudi kwenye njia yake. Mnaelewa? Wameokoa dunia. Kila mmoja wao alitembea pale Chato kama mtu aliyeokoa dunia.

Na mmoja tu ndiye aliyechukuliwa. Mmoja aliyeteremshwa kabla ya wakati, na moto ukawashwa mbele yake, mlango wazi, mwezi unatazama. Hayo nayo walinieleza. Wanawake waliokuwa wanamwosha mama walinifungia mlango. Shangazi yangu ndiye aliyetoka kuniambia, akiwa anatazama chini, kwamba ni vizuri nikae nje, wenzake wanaogopa. Mimi mtoto wake wa kike, niliyembeba mgongoni, nilikaa nje nikisikia maji yakimwagwa.

Kaburini Maduhu alisimama kuzungumza kwa niaba ya familia. Nilimngoja aseme walau neno moja kuhusu turubai na viporo. Alilia kwa uchungu wa kweli, akasema mama alikuwa salama mlimani, alikuwa akiongea, akiomba, akicheka na wajukuu. Kisha akasema, "Simlaumu mdogo wangu. Alifanya kwa upendo. Nami nimemsamehe." Watu wakaguna kwa kumsifu. Nilitaja yale maneno ya daktari, kwa sauti, nikiwa nimesimama pale pale kwenye udongo. Mzee mmoja akaniambia taratibu nisiharibu mazishi ya mama yangu.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniuliza kama ni kweli nilimteremsha usiku haujapita, jibu ni ndiyo. Nilimteremsha. Alikuwa anaomba uji.

Jioni ile, baada ya watu wa mbali kuondoka, wanaume wakakokota magogo mpaka uani, kama inavyofanywa kwenye kila msiba kwetu, wakawasha moto mkubwa wa matanga. Ulipanda mpaka juu ya paa. Wale wale wa mlimani wakauzunguka, wakaleta vigoda, wakachoma mahindi. Maduhu alikaa mbele kabisa, amelivaa tena jaketi lake. Akanyoosha mikono, akaigeuza, akaigeuza, mpaka viganja vikawa vyekundu kwa mwanga. Kisha akaniona nimekaa peke yangu ukutani, akasogea kidogo kunipa nafasi.

"Kabula," akaniita kwa upole, "njoo uote moto. Baridi hii itakuua."